Kamba ya Ulaiasi Pale Ufukweni

Watu wa Veidogo, na nyinyi wa mitaa mingine mnaopenda kutuchungulia, kaeni niwape habari ya nyumba ya Ulaiasi. Wengi mmeicheka bila kuijua. Ichekeni tu, ila muijue kwanza.

Kabla ufukwe wetu haujawekwa matofali, Jumamosi nyuma ya nyumba ya Ulaiasi ilikuwa hivi. Asubuhi moshi. Mawe yanakokewa moto shimoni mpaka yanaiva, kisha Ulaiasi na mkewe Vasiti wanapanga juu yake magimbi, kuku waliofungwa kwenye majani, na majani ya magimbi yaliyofungiwa tui la nazi ndani. Wanafunika kwa majani ya migomba na magunia, wanamwaga udongo juu, basi. Hiyo ndiyo lovo, na ya Ulaiasi ilikuwa na sifa mji mzima wa Suva. Adhuhuri wakiifukua, harufu yake ingeweza kumwamsha mtu kwenye msiba wake mwenyewe. Furushi la kwanza halikuuzwa. Lilifunguliwa pale pale mkekani, akala aliyekuwepo.

Na Apisai hakukosekana. Huyu ni jirani wa ukuta kwa ukuta, dereva wa lori la taka, na ni mtani wa Ulaiasi. Kisiwa cha mababu wa huyu na kisiwa cha mababu wa yule ni watani tangu zamani za mizimu, kwa hiyo Apisai alikuwa na haki ya kumtusi Ulaiasi hata mbele ya mchungaji. Na siku akipikwa nguruwe, alikuwa na haki ya kuondoka na kichwa bila kuomba.

"Mtani, leo umepika au umechoma kiatu?"

"Kiatu ungekijulia wapi? Kwenu viatu vililetwa na kimbunga."

"Na tukavivaa. Nyinyi vyenu mlivichemsha, mkalalamika chumvi kidogo."

Vasiti alikuwa akicheka mpaka anashika nguzo. Watoto wanashiba, mbwa wanashiba. Ilikuwa nyumba ya raha ile.

Halafu ukaja ufukwe mpya. Ile mikoko tuliyokuwa tunakamatia kaa ikafukiwa kifusi, ukajengwa ukuta wa mawe, juu yakapangwa matofali mekundu. Likasimamishwa gurudumu la kubembea, refu kuliko kanisa. Vikaletwa viboti vya kukanyaga kwa miguu vyenye shingo za bata. Kikafunguliwa kibanda cha aiskrimu ya buluu, rangi ambayo hakuna tunda lililo nayo, na duka la kahawa ambayo watu wanainywa huku wanatembea kama wanafukuzwa. Mimi si katika wanaoununia ufukwe. Nimepanda gurudumu, nimeliona bati la nyumba yetu kutoka juu, nikajua kwa nini tunavujiwa. Ufukwe haukumkosea mtu.

Wenye ufukwe wakataka na kivutio cha kienyeji, wageni waone lovo inavyofukuliwa. Nani mwingine? Ulaiasi. Akapewa achague mahali: juu karibu na barabara, au chini kando ya ukuta wa bahari.

"Chukua juu," Vasiti alimwambia. "Hapa chini mimi nimekamatia kaa."

"Kaa wamehama, Mama Tevita. Huoni matofali?"

"Matofali yako juu. Kaa yuko chini yake."

Lakini wageni wa meli wanapita chini, kwa hiyo Ulaiasi akachimba chini. Na mambo yakamnyookea. Kila Jumamosi adhuhuri akifukua, wageni wamejaa, simu zimeinuliwa. Akashona shati jeupe lenye jina lake kifuani. Akaanza kutembea kama mtu aliyebeba yai kichwani.

Nyumbani sasa. Jumamosi watoto wanakula tambi za pakiti. Furushi la kwanza, lile la mkekani, linauzwa kama mengine. Jumapili wenzake wakitoka kanisani kwenda kula pamoja, yeye kalala na shati lake, na Vasiti anasubiri aamke alifue. Ukimuuliza, anasema anaitafutia familia. Familia yenyewe iko chumba cha pili, hajaitafuta huko.

Siku moja Apisai akaja pale ufukweni, akaketi kama ilivyo desturi, akawaambia wageni, "Kuleni polepole jamani. Huyu kwao wamejifunza moto juzi."

Wageni walicheka. Mama mmoja alicheka mpaka aiskrimu ikaanguka. Lakini Ulaiasi akaona amevunjiwa heshima mbele ya wenye ufukwe. Jumamosi iliyofuata tukamkuta amelizungushia shimo kamba nene ya manila, na majirani tuko nje yake.

"Mtani, hapa ni biashara," akamwambia Apisai. "Utani uache nyumbani."

"Nyumbani kwako siku hizi upo?"

"Nimesema uuache."

Apisai akaitazama ile kamba, akaondoka zake.

Sasa sikilizeni habari ya nguruwe. Vasiti alikuwa na nguruwe aliyemlea tangu kitoto, kwa ajili ya mama yake, Bibi Akanisi. Bibi alikuwa anatimiza miaka sabini, na angevuka bahari na ndugu zake kuja kula karamu yake kwa binti. Jumamosi imepangwa, tiketi za meli zimekatwa. Ndipo wenye ufukwe wakatangaza kwamba Jumamosi hiyo hiyo jioni gurudumu litawashwa taa kwa mara ya kwanza, na meli kubwa ya watalii itakuwa bandarini. Wakamwomba Ulaiasi apike kitu cha kukumbukwa.

"Nitampika yule nguruwe pale," akamwambia mkewe.

"Nguruwe yule ana mwenyewe."

"Mama atakula pale pale, mbele ya watu. Atapanda na gurudumu."

"Mama yangu havuki bahari kuja kuwa pambo la watalii."

"Vasiti, unanirudisha nyuma."

Vasiti alikuwa anakunja nguo. Akaiweka chini. "Haya, mpike. Ila nakwambia mapema. Mama akikosa sahani yake mbele ya ndugu zake, mimi na watoto tunarudi naye kwenye meli ile ile. Ubaki na shati lako."

Ulaiasi akacheka, lakini usingizi wa siku ile haukuwa mzuri.

Ijumaa Apisai akapita kando ya kamba. Hakuivuka. "Ulaiasi," akasema, na hilo peke yake lilikuwa baya, maana hajawahi kumwita kwa jina. "Umezoea kupika mchana, maji yakiwa yamekupwa au yamejaa kidogo tu. Kesho ni jioni, na mwezi mpevu. Hilo si jiko, ni birika la kumwogeshea nguruwe."

"Wivu huo," Ulaiasi akajibu.

Hebu tuelewane hapo. Maji ya bamvua, yale yanayojaa kupita kiasi mwezi ukiwa mpevu, Ulaiasi aliyajua, ni mtoto wa mikoko kama sisi. Lakini kwetu mtani ndiye mtu pekee anayeruhusiwa kukwambia wewe mjinga, na wewe huruhusiwi kununa. Mungu aliwaweka watani kwa kazi hiyo. Mdomo huo Ulaiasi alishaufungia nje, kwa hiyo ukweli ulipopita mlango ule ule, yeye akausikia wivu.

Vasiti, maneno hayo yalipomfikia, hakusikia wivu. Alikwenda kwa Kelera, mke wa Apisai, akasema, "Dada, kesho jioni nichomee mawe. Sema ni ya magimbi ya wageni wa mama." Kelera hakuuliza. Alikwenda kutafuta kuni.

Jumamosi ikafika. Bibi Akanisi amewekwa kwenye kiti cha plastiki ndani ya kamba, gauni la maua, ua jingine sikioni, ndugu zake nyuma yake kama baraza la hukumu. Kwaya imepangwa. Watalii wamejaa hadi kwenye viboti vya bata. Nguruwe alifukiwa alasiri, na jua lilipoanza kuzama gurudumu likawaka, nyekundu, kijani, buluu ya aiskrimu, watoto wakapiga kelele za furaha. Kwa kweli palipendeza.

Ulaiasi akashika kipaza sauti. "Mabibi na mabwana, sasa mtaona ufundi wa mababu zetu."

Shimo likajibu: tsss.

Mvuke ukatoka pembeni mahali usipotakiwa. Udongo ukalainika, ukawa uji. Gunia moja likainuka taratibu kama mtu anayeamka. Halafu, katikati ya uji ule, akatoka kaa. Kaa mzima wa mikokoni, gando juu, akapita mbele ya Bibi Akanisi, akavuka matofali na kwenda zake upande wa aiskrimu.

"Baba," Tevita mdogo akauliza, "huyo naye ni wa kuuza?"

Ulaiasi akatupa kipaza sauti, akaruka shimoni na shati lake jeupe. Maji ya bahari magotini, juu vuguvugu, chini baridi. Magimbi yanaelea. Akamkumbatia nguruwe wa mama mkwe kama anamwokoa asizame, na nguruwe mwenyewe upande mmoja ameiva, upande wa pili yuko kama alivyozaliwa.

Bibi Akanisi akaliweka sawa ua la sikioni. "Mkwe wangu," akasema kwa upole, "kwetu nguruwe anaoshwa kabla."

Hakuna aliyecheka. Mkwe mbele ya mama mkwe si jambo la kuchekwa na mtu yeyote tu. Watalii hawakuelewa, kwaya wakatazama viatu. Vasiti alishamshika Tevita mkono, na Ulaiasi aliuona ule mkono. Akajua maana yake.

Akageuka huku na huku akitafuta sauti moja tu, ile ambayo ingeigeuza aibu ile ikawa kicheko. Akaiona. Apisai alikuwa nje ya kamba, mikono kifuani, mdomo umefungwa kama mlango wa benki.

"Mtani," Ulaiasi akaita kutoka shimoni. "Sema basi."

"Niseme nini? Mimi si nina wivu?"

"Sema, mtani. Nakuomba."

"Utani niliambiwa niuache nyumbani."

Ulaiasi akamwachia nguruwe, akatoka shimoni akitiririka matope, akaenda kwenye kigingi cha kwanza akafungua kamba. Akafungua cha pili. Akafungua vyote. Ikaanguka kwenye matofali.

"Hapa ndipo nyumbani," akasema. "Sema."

Apisai akavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyekuwa na akiba. "Jamani tazameni ukoo huu. Babu yake alikwenda kuvua akarudi bila mtumbwi. Baba yake alipanda magimbi kichwa chini. Sasa huyu kaona kupika kwa moto ni ushamba, anapika kwa bahari. Mama, samahani sana, binti yako ulimwoza kwa pweza."

Bibi Akanisi ndiye aliyeanza. Kicheko kilimtoka tumboni mpaka ua likadondoka. Kisha ndugu zake, kisha kwaya, kisha Vasiti akatafuta nguzo ya kushika, hakuna, akamshika mumewe na matope yake yote.

"Mawe yangu yanawaka," Apisai akasema. "Kelera hajafunika. Mnasimama nini? Leteni hiyo kamba."

Kamba ile ile wakamfungia nguruwe kwenye mti, wanaume wanne begani. Wengine wakaokota kuku na magimbi yanayoelea. Bibi Akanisi mbele, kwaya nyuma wakiimba, na watalii, ambao walidhani ndivyo ilivyopangwa tangu mwanzo, wakatufuata mtaani na aiskrimu mikononi. Nguruwe akaoshwa, akarudishwa motoni, mara hii kwenye udongo mkavu. Tulingoja sana. Hakuna aliyelalamika, maana Apisai alikuwa bado ana akiba.

Nguruwe alipoiva, sahani ya kwanza ilikwenda kwa Bibi Akanisi mbele ya ndugu zake. Apisai akanyoosha mkono, akachukua kichwa.

"Nani huyo anachukua kichwa cha nguruwe wangu?" Bibi akauliza.

"Mtani wetu, mama," Ulaiasi akajibu.

"Achukue. Nilidhani nyumba hii haina tena mtani, nikasema binti yangu anaishije hapa."

Ndipo Ulaiasi akaleta fungu la mizizi ya kava, kinywaji chetu cha heshima, akakaa chini, akakunja miguu, akaliweka mbele ya Apisai na Kelera, akaomba msamaha kwa maneno ya desturi. Kisha akamgeukia Vasiti akaomba tena, kwa maneno yake mwenyewe, na hayo hayakuwa marefu. Kava ikatwangwa, ikachanganywa na maji. Kwetu kifuu kikijazwa hadi ukingoni tunasema maji kujaa, na kikitiwa kidogo, maji kupwa. Apisai akachota, akamtazama mtani wake aliyekauka matope mpaka kwenye nyusi.

"Yajae au yapwe?"

"Yajae, mtani. Nimeshazoea."

Bibi Akanisi alipanda gurudumu Jumatatu, akasema ni zuri lakini halifiki popote. Vasiti alimsindikiza hadi melini, akarudi kwa miguu na watoto. Lovo ya Ulaiasi sasa iko juu, karibu na barabara. Furushi la kwanza linafunguliwa mkekani. Apisai anakuja kutusi, na wageni wanauliza kabisa, yule bwana wa matusi anafika saa ngapi. Kamba Vasiti anaanikia nguo.

Mafunzo

Jamani, mapya yakija yapokeeni. Pandeni gurudumu, uzeni chakula, lambeni hiyo buluu. Lakini usimfungie kamba mtu aliyekujua ukiwa na miguu ya matope, maana siku maji yakikujia kwa chini, mwenye mawe ya moto ni yeye. Na chakula cha nyumbani usikipeleke sokoni ukasema unaitafutia nyumba. Anayekucheka usoni hajakuonea wivu. Muogope anayekutazama unachimba vibaya akakaa kimya.