Nani Anamkaribisha?

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa kumwagilia maua. Kila Ijumaa alasiri mchora ramani alifungua kompyuta ya marehemu mkewe, akaingia kwenye gemu ambalo mkewe alilicheza kwa miaka kumi na mmoja, akamwagilia bustani aliyoiacha. Maua yale hayakuwa na harufu, lakini yakikosa maji wiki mbili yalikufa, na yeye alikuwa ameshazika vya kutosha.

Ijumaa iliyofuata gemu halikufunguka. Pakatokea barua fupi: kampuni imeliondoa. Kilichonunuliwa hakikuwa gemu bali ruhusa ya kulitumia, na ruhusa hiyo imekwisha. Aliisoma mara tatu. Miaka yote mkewe alisema "nyumba yangu", na hakuna aliyemwambia kuwa alikuwa mpangaji.

Akamwita shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi wa kompyuta.

"Usitie shaka, shem," fundi alisema. "Nyumba ya dada imo kwenye diski, nzima. Wamechukua mlango tu. Nitakutafutia mwingine."

Alikuja na kompyuta mpya na nakala ya zamani ya gemu, aliyoipata mahali ambapo hakupataja. Mashine ikaikataa.

"Changa mno hii, haina adabu kwa wazee," fundi akatania. "Ngoja tuidanganye ijione ya miaka ile."

Akaipachika programu ya kuigiza kompyuta ya kale, kisha akaomba maji ya kunywa. Mchora ramani aliporudi na glasi, bustani ilikuwa kwenye kioo cha kompyuta. Fundi alikuwa akijifuta viganja kwenye suruali. Maji hakuyanywa.

Kesho yake maua yalikuwa yamekwisha kumwagiliwa.

Siku ya pili chumba kilinuka udongo uliolowa, dirisha likiwa limefungwa. Siku ya tatu, saa nane mchana, jua limetanda mezani, alisikia maji yakichuruzika kwenye spika, na alipoinama akaona waya wa spika haujachomekwa popote, na alipoinuka akaona nyumba ya mkewe imeongezwa chumba, chumba ambacho mkewe hakukijenga, chenye meza ya kuchorea na dirisha lililofungwa, vipimo sawasawa na vya chumba alimosimama, na ndani yake mwanamume ameinamia kompyuta, na nyuma ya mwanamume huyo, mlangoni, mwanamke amesimama na ndoo inayovuja.

Hakugeuka. Nyuma yake, sakafuni, likadondoka tone. Kisha lingine.

Maneno yakajiandika kwenye kioo: Mume wangu, sogea.

Mkewe hakuwahi kumwita hivyo. Alimwita Injinia, kwa kumchokoza, kwa sababu uinjinia ulimshinda.

Alitoka mbio macho chini, akampigia fundi akiwa barabarani, akinong'ona ingawa hakuna aliyemsikia.

"Ulifanya nini nilipofuata maji?"

"Shem, sisi mafundi tunabonyeza tu. Fomu ya kufungulia programu nani anasoma?"

"Hii uliisoma."

"Iliuliza kama mwenye mali yu hai. Nikajibu ndiyo. Bila hivyo isingefunguka."

"Halafu?"

"Ikauliza: nani anamkaribisha nyumbani kwake?" Fundi naye sasa alinong'ona. "Mwili ulinisisimka, shem. Nilijua si swali la gemu."

"Ukaandika nani?"

"Mimi nina mke. Nina mtoto wa miezi miwili..."

"Ukaandika nani?"

"Wewe."

Jioni alikwenda kwa mama mmoja mtoa majini, mwenye miwani minene, ambaye alimsikiliza bila kumkatiza.

"Huyo si mkeo," mama alisema. "Kimeingia kwa jina lake, kinakaa kwa jina lako. Rudi kwenye fomu, jibu kwamba mwenye mali amekufa. Kitaondoka."

"Na nyumba yake?"

"Itafutika. Imeandikwa kwa jina lilelile."

"Hakuna njia nyingine, mama?"

Alivua miwani, akaifuta polepole. "Ipo ya kubadilisha mkaribishaji. Ila hiyo mimi sijakwambia, mwanangu."

Aliporudi aliifungua fomu. Kidole kilikaa juu ya neno Amekufa mpaka kioo kikajizima. Matone yaliendelea nyuma yake, karibu zaidi, na mara moja, kabla hajapitiwa na usingizi pale kitini, moja lilimwangukia shingoni, la baridi.

Kulipopambazuka alinawa uso, akakaa wima, akalifuta jina lake. Alimfikiria yule mtoto wa miezi miwili. Alimfikiria kwa muda mrefu, kwa haki, kama mtu anayepima mara mbili kabla ya kukata. Kisha akaandika jina kamili la shemeji yake, pamoja na la baba na la babu wa shemeji huyo, akahakikisha hakuna kosa, akabonyeza.

Matone yakakoma.

Kabla ya saa mbili simu iliita. Aliona ni nani. Akailaza kifudifudi, akatandaza karatasi ya kuchorea, akaanza kazi ya siku hiyo.