Kaseti ya Mama

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi wa redio, na si mtu wa kutunga maneno. Mama yao alifariki mdogo wake wa kike akiwa bado ananyonya, akaacha kaseti moja tu yenye sauti yake. Utepe ulishachakaa, wakaamua kuihamishia sauti ile kwenye laptopu.

Mchana walijifungia stoo isiyo na dirisha, wakikwepa kelele za barabarani. Fundi akachomeka waya kutoka redio ya kaseti hadi kwenye tundu la maikrofoni la laptopu, akabonyeza. Mama akasikika akicheka, akiita kuku.

Binti akaanza kulia. "Kaka, kumbe sauti yake ni kama yangu!"

Umeme ukakatika. Redio ikanyamaza, na laptopu, ambayo betri yake ilishakufa zamani, ikazima. Giza totoro. Wakabaki wanasikia pumzi zao tu.

Kisha spika ya laptopu ikakwaruza.

"Wanangu, mbona mmekaa gizani?"

"Mama?" binti akanong'ona.

"Inukeni polepole, mtoke. Huyo aliyeketi katikati yenu msimguse."