Chupa Sita za Kisima cha Mikaeli

Saa mbili asubuhi.

Jumatano, siku ya mfungo wa Waorthodoksi, hakuna kula nyama. Bucha zote za Addis zimefungwa, ndiyo maana Gashaw kawaita wenzake wawili chumba cha nyuma cha bucha. Nyama hamna. Ila damu ya jana imeganda sakafuni, nzi wanajilia. Dejene anapumulia mdomo.

Gashaw kapanga chupa sita mezani.

"Leo wahandisi wa mazingira wana mkutano wa chama chao hotelini. Dokta Hirut anapima maji ya kisima mbele yao. Akikuta sumu ya kiwanda cha ngozi, kiwanda kinafungwa. Basi hataikuta. Tunatoa zake, tunaweka hizi."

"Maji ya wapi haya?" Zeleke, dereva, akauliza.

"Chemchemi. Mwenyekiti wao kasisitiza, ya bomba tusithubutu. Yana dawa ya kuua vijidudu. Mama akitia ule unga wake tu, yanageuka pinki."

Dejene alilijua hilo. Miaka mitatu alimwoshea Dokta Hirut chupa maabara, mpaka akafukuzwa kwa kuiba spiriti.

"Mwenyekiti wao ndo anatutuma?"

"Ana hisa kiwandani. Unashangaa nini, mwosha chupa? Lebo unabandua, unahamishia kwenye zetu. Na zake niletee nizinuse. Kile kisima kinanuka ngozi mbichi, huwezi kunizuga."

Saa nne na nusu.

Mapumziko ya kahawa. Majani mabichi yametandazwa ukumbini, binti anamimina duru ya kwanza. Kwa desturi ni duru tatu, na hakuna anayenyanyuka kabla ya ya tatu. Huo ndio muda wao.

Dejene, koti la mhudumu mwilini, akaingia stoo na chupa za Gashaw. Sanduku la barafu la Dokta lile pale. Akabandua lebo ya kwanza. Akaisoma.

*Kisima, nyuma ya kanisa la Mikaeli.*

Akaisoma tena. Kisima cha mtaani kwake. Mwanawe Mihret anateka pale kila asubuhi, na vidole vyake vinachunika kama kiazi cha kuchemsha. Zahanati walisema ni sabuni.

Simu ikatetemeka. Gashaw: *Duru ya pili. Fanya haraka.*

Kwenye kona kuna sinki. Akamwaga maji ya chemchemi, chupa zote sita. Akafungua bomba, akazijaza, akabandika lebo.

Saa tano kasoro kumi.

Nyuma ya hoteli, Gashaw akafungua chupa ya Dokta, akanusa, akakunja uso. Kisha akacheka.

"Uchafu huu kuna watu wanakunywa?"

"Wanakunywa," Dejene akasema.

Gashaw akazitia zote kwenye buti la gari la Zeleke, akalifunga. "Rudi ndani. Mama akishaaibika, nipigie."

Saa tano na robo.

Dokta Hirut akatia unga chupa ya kwanza. Pinki. Ya pili, pinki. Zote sita.

"Haya ni ya bomba. Kisima hakitiwi dawa. Nani kagusa maji yangu?"

Mwenyekiti akajifuta mdomo kwa leso yenye marashi. "Dokta, labda umechanganya mwenyewe. Chama hiki kina heshima yake."

Dejene akaweka trei chini. Alijua kabisa usiku huu atalala wapi.

"Mimi. Ya kisima yako kwenye buti la gari jeupe, nyuma. Aliyetutuma ni huyo mwenye leso."

Saa sita kamili.

Polisi walimpitisha Gashaw mlangoni kwa kumburuta. Akamtemea Dejene shavuni.

"Umetuuza kwa maji ya bomba, mwosha chupa."

Dejene hakuweza kujipangusa, mikono imefungwa pingu. Binti wa kahawa akampangusa kwa kitambaa, akamsogezea kikombe mdomoni.

"Kunywa, kaka. Usiende na tumbo tupu."

Dejene akanusa kwanza.

"Umepikia maji ya wapi?"

Binti akatazama birika. Na ukumbini, wahandisi mmoja mmoja wakaanza kuweka vikombe vyao chini.