Matawi Kwanza

Nasra alimenya yai la kuchemsha, akalipasua katikati, na mahali pa kiini akakuta unga wa mbao.

Ulikuwa umelowa, wa rangi ya kahawia, unanuka mti mbichi. Akamwita mumewe aje aone. Yusuph alikuja na kikombe cha chai mkononi, akalitazama yai, akacheka kidogo.

"Kuku wamedonoa uchafu wa chenso huko nyuma," alisema. Kisha akalichukua na kulila lote pamoja na ule unga, akitafuna polepole huku akimkodolea macho mkewe.

Uchafu wa chenso, ule msumeno wa mashine, ulikuwapo kweli. Nyuma ya nyumba yao, pale Bigwa, chini kabisa ya milima ya Uluguru, palikuwa na kisiki kibichi kipana kama jukwaa la harusi. Ulikuwa mvule. Bibi yake Yusuph aliukuta umekwisha kuwa mzee, na watu wa zamani hawakuukalia kivuli chake jua likiwa la utosi, wala hawakueleza kwa nini.

Nasra alikuwa ofisa mazingira. Kwa muda mrefu alikuwa anaandaa sheria ndogo za kulinda miti ya mji: mtu asikate mti mkubwa, hata ulio ndani ya kiwanja chake, bila kibali, na akipewa kibali, apande mingine na kuitunza mpaka isimame. Mji ulikuwa unapanuka kila upande, joto linazidi, vijito vya mlimani vinafika chini vikiwa vyembamba kama uzi. Lakini habari za sheria zilipovuja, watu wakafanya kinyume: wakaanza kukata upesi kabla haijapita. Kila asubuhi mji ulilia kwa sauti ya misumeno.

Aliyekuwa anawachochea ni mkandarasi mmoja, Ezekiel, aliyezunguka nyumba kwa nyumba na vijana wake. "Kata sasa, bosi wangu," alimwambia Yusuph. "Sheria ya mkeo ikipita, utaomba ruhusa ya kugusa mti wako mwenyewe kama mtoto anayeomba kwenda chooni." Yusuph alitaka kujenga vyumba vya kupangisha. Nasra alipokuwa Dodoma kwenye semina, akakubali.

Nasra aliporudi aliliona anga mahali ambapo hakuwahi kuliona. Alikaa chini langoni na begi lake.

"Nitasimama vipi mbele ya madiwani, Yusuph?"

"Usiwaambie."

Siku zile za kwanza hawakusemezana. Ndiyo maana Nasra alichelewa kutambua kwamba mumewe hali tena wali wala ugali, kwamba anakunywa maji ndoo kwa ndoo, na kwamba jua likifika utosini hutoka peku na kwenda kusimama juu ya kisiki, mikono ameinua, vidole amevitanua. Na mchana huohuo, juu ya paa la bati, ulisikika uvumi wa majani mengi yanayopigwa na upepo, majani ya mti mkubwa uliojaa, ilhali juu ya paa hapakuwa na kitu ila jua.

"Unasikia?" Nasra alimnong'oneza jirani yao Kasimiri, mfanyakazi wa kiwandani, aliyekuja kuazima koleo.

Kasimiri alisikiliza. Akarudisha koleo chini taratibu. "Shemeji," alisema kwa sauti ndogo, "mimi ningekuwa wewe nisingelala humu."

Jumamosi, Nasra alikuwa anapiga pasi sebuleni aliposikia panga likishuka uani. Ta. Kimya. Ta. Alidhani Yusuph anapasua kuni. Harufu ya mti mbichi ikaingia dirishani, nzito, imechanganyika na kitu kingine alichokijua tangu utotoni, harufu ya machinjioni, na hapo ndipo alipoiacha pasi juu ya nguo na kukimbia. Mumewe alikuwa amepiga magoti mbele ya kisiki, mkono wa kushoto ameulaza juu yake, na vidole viwili vilikuwa vimelala peke yao pale juu, mbali na mkono, vimekunjika kama vinaita mtu.

"Matawi kwanza," alisema Yusuph. Sauti haikuwa yake. Ilikuwa kavu, ndefu, kama mlango wa kanisa kuukuu unaofunguliwa. "Ndivyo walivyonifanya. Matawi kwanza, nisije nikaangukia paa. Kisha shina."

Akainua panga na kuliweka shingoni mwake.

Nasra hakujua ameruka vipi. Alimwangukia mgongoni, akaung'ang'ania mkono ule wa panga kwa mikono yake yote miwili, akauma kifundo mpaka meno yakagonga mfupa, na Yusuph akajipinda bila kutoa hata mguno na kumpiga kwa mgongo wa panga begani, na mfupa wa bega ukalia kama kijiti, naye hakuachia, alipiga mayowe akimwita Kasimiri, akimwita Mungu, akimwita mama yake aliyekufa, damu ya mumewe ikimwingia machoni, mpaka Kasimiri akaruka ua wa michongoma, miba ikamchana kifua, akampiga Yusuph kwa lile koleo, mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu ndipo panga lilipoanguka.

Wakamfunga kwa kamba ya katani. Hospitalini walimshona, wakamchoma sindano ya usingizi. Usingizi ulimchukua kweli, macho yakafumba, mwili ukalegea. Ila mdomo uliendelea kusema. Nesi mmoja alitoka wodini akilia na hakurudi zamu ile.

Kasimiri ndiye aliyepanda mlimani hadi Mbete kumfuata mganga, Bibi Mwanvita. Walipomrudisha Yusuph nyumbani, mikono imefungwa kitandani, bibi alikwisha kufika. Alikuwa mwembamba, mrefu, amevaa koti la mvua la mtumba juu ya kanga zake.

"Shikamoo bibi," Nasra alisema, mkono wake ukiwa umening'inizwa kwa bandeji.

"Marahaba, mwanangu. Usiniambie kitu. Nimeona kisiki."

Akafukiza udi na majani ya mlimani, akasoma dua zake, kisha akaketi kitandani karibu na kichwa cha mgonjwa kama mtu aliyekuja kujulia hali.

"Unalipa kisasi?" akauliza.

Mdomo wa Yusuph ukafunguka. Ndani ulikuwa mweusi, umejaa unga wa mbao hadi kwenye ulimi. "Sina kisasi," sauti ilisema. "Sina nyumba."

"Huyu si nyumba. Ataoza."

"Ataoza. Kisha nitaingia kwa mwanamke. Kisha kwa jirani. Wao walinitoa nje jua likiwaka."

Bibi Mwanvita akamgeukia Nasra. "Hamfukuzi mtu asiye na pa kwenda, atakaa mlangoni tu. Niambie, wewe unayefanya kazi ya miti. Katika mji wenu huu, ni mti gani ambao hautakatwa?"

Nasra alifungua kinywa. Akafikiri kuhusu mivule ya barabarani iliyowekewa alama ya rangi nyekundu, mikangazi iliyogeuzwa milango, mitondoo iliyobaki visiki kuanzia Kihonda mpaka Kilakala. Machozi yakamtoka.

"Kuna mkuyu," alisema mwishowe. "Kwenye kiwanja kitupu, njia ya kupandia Mbete. Umo katika sheria yangu, kwa jina. Baraza linakaa wiki hii."

"Kwa neno la nani?" ile sauti iliuliza.

"Usijibu," bibi alisema upesi. "Mwanangu, jini hapewi neno. Mpe mbuzi, mpe kitambaa, usimpe neno."

Lakini kitandani Yusuph alikuwa ameanza kuuchomoa mkono wake mzima kwenye kamba, ngozi inabambuka kama ganda la muhogo, nyama nyekundu inachungulia, na hakuwa analia. Nasra asingeweza kungoja mbuzi.

"Kwa neno langu," alisema.

"Basi mkuyu ukiguswa, nakuja kwako."

Kilichofuata Kasimiri hakupenda kukisimulia. Kitanda kilipasuka katikati. Yusuph aliinuka hewani kama mtu aliyeshikwa kwenye nywele, akatapika unga wa mbao, na majani, na mabuu weupe wenye vichwa vya kahawia, akatapika mpaka damu ikaja, na mabati mawili ya paa yakang'oka na misumari yake yakaruka uani na kumkata mbuzi wa jirani mgongo, na Bibi Mwanvita, aliyekuwa ameshika kichwa cha Yusuph kwa mikono miwili, alirushwa ukutani na jicho lake moja halikuona tena tangu saa ile. Kisha pakawa kimya. Jogoo aliwika barabarani. Yusuph akaomba uji.

Baraza lilipokaa, Nasra alisimama mbele ya madiwani na bega lake lililovunjika, akawaambia mwenyewe kwamba hata mvule wa nyumbani kwake ulikatwa kwa hofu ya sheria hii. Aliwaambia pia kwamba mtu anayeukata mti wa kivuli hajui anamfukuza nani. Wengine walicheka, wakidhani anazungumzia ndege. Sheria ikapita. Lakini sheria ndogo haiwi sheria siku inapopita; husubiri idhini ya waziri, na mpaka itangazwe kwenye Gazeti la Serikali, ni maneno tu.

Ezekiel alilijua hilo vizuri kuliko madiwani wengi. Alikuwa amepewa kazi ya kujenga nyumba ya wageni kwenye kile kiwanja cha mkuyu.

Nasra alipigiwa simu na Kasimiri adhuhuri, akafika akitweta. Ngazi ilikuwa imekwisha kuegemezwa. Abel, kijana wa chenso, alikuwa anatia mafuta mashine.

"Ezekiel, nakusihi," Nasra alisema. "Kuna kitu humo. Kimekata vidole vya mume wangu."

"Pole sana, dada yangu. Sheria yako iko wapi? Nionyeshe, niivulie kofia."

"Bado haijatangazwa."

"Basi na mimi bado sijakosa."

Abel aliusikia ule uvumi wa majani kwanza. Hapakuwa na upepo. Aliiweka chenso chini, akafuta mikono kwenye suruali. "Bosi, mimi hii siiwezi," alisema, akaondoka akienda mbio, na viatu vyake vya kazi akaviacha.

Ezekiel akatukana, akaichukua mashine mwenyewe, akapanda ngazi. Chenso ikanguruma. Nasra alisimama chini na kutazama juu, na alikiona wazi kile ambacho Ezekiel hakuweza kukiona: tawi nene lililokuwa nyuma ya kichwa chake lilikuwa linashuka, pole, pole, kama mkono wa mtu anayemkaribia mtoto aliyelala, na kwenye gome lake palikuwa na kucha. Palikuwa na muda. Angeweza kupiga ukelele, na Ezekiel angegeuka, angeruka, angevunjika mguu na kuishi, na kesho angerudi na mashine mbili na wanaume sita, na mkuyu ungeanguka, na neno ni neno, na kile kitu kingemfuata Nasra mpaka jikoni kwake.

Alifunga mdomo.

Meno ya chenso yaligusa gome na kurudi nyuma yenyewe. Yalimwingia Ezekiel chini ya kidevu, yakapanda. Hakuanguka mara moja. Lile tawi lilikuwa limemshika. Damu ilimwagika juu ya majani, ikatiririka kwenye shina, na mkuyu ukainywa kabla haijafika ardhini. Ndipo ukamwachia.

Polisi waliuliza, wakaandika ajali ya kazini. Watu wakasema mtu hapandi ngazi na chenso bila kamba ya usalama, na ni kweli. Sheria ilitangazwa miezi kadhaa baadaye, na tangu hapo hakuna aliyeomba kibali cha kuukata mkuyu ule.

Jioni ya siku aliyokufa Ezekiel, Nasra alimmiminia mumewe chai, kwa sababu mkono mmoja wa Yusuph ulikuwa bado haushiki.

"Ulimwonya?" Yusuph aliuliza.

"Nilimwonya. Alipokuwa chini."

"Na alipokuwa juu?"

Nasra akaongeza sukari, akakoroga, akamsogezea kikombe. Uso wake ulikuwa umetulia, mzuri, kama ulivyokuwa siku za uchumba wao. "Kunywa, itapoa," alisema.

Yusuph hakunywa. Akanyanyuka, akaburuta godoro kwa mkono wake mzima mpaka chumba cha wageni, na Nasra akamsikia akifunga mlango kwa ndani, kisha akisukuma kabati zito mpaka likagota mlangoni.