Gonga Mara Mbili

Foleni ya posta siku hiyo ilifika mpaka mlangoni, na kila aliyekuwemo alikuwa na lake la kulalamikia. Dirisha moja limefungwa, feni inazunguka kwa kujilazimisha, na nyuma ya kaunta ya vifurushi ameketi dada wa miaka arobaini na ushei: blauzi nyeupe iliyopigwa pasi ikasimama, hereni ndogo masikioni, na kwenye kidole cha shahada kofia ya mpira, ile ya kupekulia karatasi. Kazini walimwita Kidole. Jina lake halisi lilibaki kwenye hati ya mshahara tu.

Zamu ikamfikia mwanamume mrefu mwenye jaketi la rangi ya chungwa. Watu wakamgeukia. Jaketi lile lilijulikana, ni la ile kampuni ya vifurushi iliyokuja mjini ikala riziki ya posta. Watu wa posta waliwaita Machungwa, na hawakuwaita hivyo kwa mapenzi.

"Leo Machungwa mnaposta?" Kidole akauliza bila kuinua macho. "Magari yenu yamekufa yote?"

"Magari mazima, dada. Ila hatufiki kwa mama yangu. Kampuni inasema kule hakulipi."

Kidole akaguna kwa raha. Yule bwana akatoa bahasha zake, akazisimamisha, akazigonga ubavu juu ya kaunta mara mbili, ko-ko, zilingane. Hapo Kidole akainua macho. Ko-ko ile hakuwa ameisikia siku nyingi.

"Nani kakufundisha kugonga hivyo?"

"Wewe."

"Mimi?" Akamkazia macho. "Ebo! Wewe si yule kibarua wa Krismasi? Yule mrefu, aliyevaa mfuko kila siku?"

"Si kila siku. Jumapili tulikuwa hatuji."

Kidole akacheka mpaka machozi. Mama mmoja kwenye foleni akafyonza: "Jamani, mapenzi nje! Wengine tuna mizigo hapa."

Ngoja nikueleze huo mfuko, maana bila huo hadithi hii haina miguu. Zamani, Desemba ikiingia, kadi za Krismasi zilimwagika posta mpaka ukumbi wa kuchambulia barua ukakosa pa kukanyaga. Posta ikachukua vijana wa mwezi mmoja kusaidia kupanga kadi kwenye vishubaka ukutani, kila mtaa na shubaka lake. Ukitupa kadi kwenye shubaka silo, unavalishwa mfuko mtupu wa barua uliotobolewa pa kichwa na mikono. Unazunguka ukumbi unapaza sauti: "Nimepotea! Anwani yangu ni fulani!" Mpaka mwenye njia hiyo, yule anayepeleka barua za mtaa huo, agonge meza mara mbili, maana yake, nimekupokea. Asipogonga, unazunguka tu. Walikuwepo wabaya, walikuacha uzunguke mpaka chai ikapoa.

Basi siku hiyo wakapeana namba, na simu zikaanza.

"Umekula?"

"Nimekula barabara na mashimo yake."

"Pole, Kibarua wangu."

"Wangu? Hebu rudia."

"Alo? Mtandao unakatika."

"Haukatiki, wewe ndiye unayejikata."

Baada ya kazi walikutana kwenye benchi nje ya posta, Kibarua na jaketi lake limekunjwa mapajani. Ukiwasikiliza ungedhani waliwahi kuishi peponi wakafukuzwa. Wakakumbushana kadi zenye unga wa kung'aa, unakwenda nyumbani mashavu yanameta, mama mtu anauliza ulikuwa wapi. Wakakumbushana birika lililochemka mchana kutwa, na bahasha iliyoandikwa: Kwa shangazi, nyumba yenye mlango wa bluu, mpe mwenyewe mkononi. Na shangazi akapewa, tena mkononi.

"Nimefanya kazi nyingi tangu pale," alisema Kibarua. "Hakuna nyingine niliyoifanya nikiimba." Akatoa mfukoni kimashine cha kampuni. "Hiki kinajua nimesimama wapi. Nikimsalimia mteja salamu ndefu, kinalia."

"Na mimi nakaa kaunta Krismasi nzima, hakuna hata wa kunitakia heri. Wanauliza tu mzigo wangu uko wapi." Kidole akamgusa begani. "Sikiliza. Mkesha wa Krismasi, saa sita mchana, wakongwe tunakunywa chai kule ukumbini juu. Mzee Kengele katuita. Na wewe uje."

Mzee Kengele alikuwa mkuu wa ukumbi enzi hizo, sasa amestaafu.

"Mimi? Nilikaa mwezi mmoja tu."

"Mwezi wa Krismasi ulikuwa mwaka. Njoo."

"Nitakuwa zamu. Nitakuja na jaketi hili hili, na saa moja tu ya mapumziko."

"Njoo ulivyo, mpenzi."

Ndiyo mara ya kwanza kumwita hivyo. Alilisema neno hilo kwa kinywa chake, na hakuna aliyemlazimisha.

Mkesha ukafika. Ukumbi wa kuchambulia siku hizi ni ghala la viti vibovu, lakini walifagia, wakatandika meza ndefu chini ya vishubaka vitupu. Ukutani ulining'inia mfuko wa mwisho, wenye matundu yake matatu. Mzee Kengele alikaa mwisho wa meza, suti yake ya kijivu imempwaya, kengele ya shaba mbele yake. Mama Birika wa kaunta ya stempu akamimina chai. Kidole alivaa gauni la kijani, akajipulizia marashi mpaka shingoni, na kila mlango ukilia, moyo unamruka.

Waliimba, wakacheka, wakawataja marehemu. Kisha, kama kawaida ya wakongwe, maneno yakahamia kwa adui.

"Wanarusha vifurushi juu ya kuta," Mzee Kengele alisema, "kama wanalisha mbwa! Hawajui hata jina la mteja. Hao ndio walioiua Krismasi yetu."

"Kidole, tupe ile yako!" wakampigia makofi.

Ile yake ilikuwa mzaha wa kila mwaka. Angeweza kusema koo linauma. Angeweza kunyamaza. Lakini watu hawa ndio waliomzika mama yake, ndio ndugu aliobaki nao, na sifa ni tamu. Akasimama, akainua kidole chake juu. "Siku mtakayoniona na Chungwa, nikateni hiki hapa!"

Vicheko vilikuwa bado hewani mlango ulipofunguka. Kibarua amesimama, jaketi la chungwa, kaboksi mikononi.

"Haya, limejileta lenyewe!" Mzee Kengele akapiga meza. "Ni wa nani huyu?"

Kibarua akamtazama Kidole, akatabasamu, akangoja. Watu wote wakafuata macho yake mpaka yalipotua. Kidole akahisi uso unawaka. Ulimi hauna mfupa, wakubwa walisema, nao wa kwake ukateleza.

"Simjui," akasema. "Ameleta mzigo tu."

Lile tabasamu likakaa kidogo midomoni mwa mwenyewe, kisha likaondoka. Kibarua akatembea mpaka mbele ya Kidole, akaweka kaboksi mezani taratibu, akamnyooshea kile kimashine.

"Weka sahihi hapa, mama."

Mama! Kwa ile sauti ya wateja. Kidole akapitisha kidole juu ya kioo. Kioo kilikuwa kimezimwa. Alitia sahihi mahali pasipo na kitu, na wote wawili waliliona hilo.

"Asante, mama. Krismasi njema." Akageuka. Jaketi likafunuka, na ndani yake Kidole akaona shati jipya la samawati, lingali na mikunjo ya dukani.

Kaboksi ikafunguliwa. Zilikuwa kadi, zile za zamani zenye unga wa kung'aa, kila moja ndani ya bahasha yake. Mzee Kengele akavaa miwani, akasoma ya juu: "Kwa Mzee Kengele, mwisho wa meza, mpe mwenyewe mkononi." Ya pili: "Kwa Mama Birika, aliyeniongezea sukari kwa siri." Zote zilitoka kwa mtu mmoja: "Kibarua wa Desemba mliyemvalisha mfuko." Yale majina, Kidole mwenyewe ndiye aliyemtajia pale kwenye benchi. La kwake halikuwemo.

"Kibarua yupi?" Mzee Kengele akauliza. Hakuna aliyekumbuka upesi, na hiyo nayo ilikuwa aibu yake.

"Yule mrefu!" Mama Birika akajishika kinywa. "Ewe Mola. Na sisi tumemcheka usoni!"

Watu waliokuwa wakizililia kadi za zamani sasa walikuwa nazo, na hakuna aliyeweza kumtazama mwenzake.

"Kidole," akaita Mzee Kengele polepole, "si ulisema humjui?"

"Namjua." Sauti ilitoka kama ya mtoto aliyevunja kitu. "Nilimwalika mimi. Ni mwanamume wangu."

Mzee hakufoka, na afadhali angefoka. "Sisi aibu yetu ni ya kumcheka mgeni, tutagawana. Yako, binti yangu, utaibeba peke yako."

Kidole akapiga simu jioni ile na usiku kucha. Iliita mpaka ikachoka. Siku yenyewe ya Krismasi ikapokelewa, kwa sauti ya mwanamke.

"Mimi ni dada yake. Wewe ndiye wifi wa posta?"

Wifi! Kidole akakaa kitandani. "Ndiye mimi, wifi. Yuko wapi?"

"Kalala, au anajifanya. Wifi, mmemfanya nini kaka yangu? Aliandika kadi wiki nzima, ulimi nje kama wa darasa la kwanza. Shati kanunua, kaniuliza mara tatu kama rangi inamkaa. Karudi kalivua kalitupa, hasemi."

Kidole alitaka kueleza. Angeelezaje? Kwamba alimkana mtu kwa ajili ya kicheko? Akasema tu, "Nimemkosea, wifi. Nimemkosea sana," akakata simu, akalia akiwa amekiuma kile kidole chake. Chakula hakikupita, na kwenye kioo hakujitazama. Majuto ni mjukuu, na huyu alikuja mapema.

Sikukuu zilipokwisha, asubuhi kabla kaunta hazijafunguliwa, alipanda ukumbini akautungua mfuko ukutani, akaenda moja kwa moja kwenye yadi ya Machungwa. Magari yamepangwa mstari, madereva wanakunywa chai wamesimama. Langoni akauvaa mfuko juu ya blauzi yake nyeupe.

"Mama, unaumwa?" mlinzi akauliza.

"Naumwa aibu, baba. Nipishe."

Akaingia akizunguka yadi, akapaza sauti ile ya ukumbini:

"Nimepotea! Nimeingia shubaka si langu! Anwani yangu ni dereva mrefu wa gari la mwisho! Nilisema simjui, na ninamjua!"

Vicheko vikalipuka. Simu zikainuliwa kumpiga picha. Mmoja akasema ni kichaa, mwingine akasema labda ni tangazo. Kibarua alikuwa akipakia, mgongo amewageuzia. Hakugeuka. Kidole akazunguka tena, vumbi la mfuko linamwingia kooni. Mzunguko wa tatu sauti ilikuwa imemkauka, akabaki kuisema anwani kwa kunong'ona. Vicheko vikapungua vyenyewe. Mambo yalikuwa hayachekeshi tena.

Kibarua akageuka. Kiganja kilikuwa juu ya ubavu wa gari, lakini hakugonga.

"Kule tulizungushwa kwa sababu ya kadi," akasema. "Mimi si kadi."

"Najua."

"Ulinionea haya."

"Nilikuonea haya, ndiyo. Sikufichi. Sasa najionea haya mwenyewe, na hii haivuliki kama jaketi."

Kibarua akasukuma kifurushi ndani ya gari. "Ya kwako nilikuwa nayo mfukoni. Nikaichana."

"Ilisemaje?"

"Krismasi njema."

"Basi?"

"Basi. Mengine nilitaka niyaseme kwa mdomo, mbele yao."

Kidole akafuta uso kwa ukingo wa mfuko, akazidi kuuchafua. Kibarua alitaka kukaza uso, ukamshinda.

"Vua huo mfuko, watu wanatupiga picha."

"Sivui. Kanuni unaijua."

Akamtazama. Kisha akagonga ubavu wa gari kwa kifundo cha kidole, ko. Mara moja.

"Na ya pili?"

"Hiyo moja ni kwa sababu umekuja. Ya pili siigongi hapa. Hawa hawakunikosea."

Kidole akaelewa. Akapanda kiti cha mbele cha gari la chungwa, mfuko mwilini, na mji mzima ukawaona wakipita. Kimashine kikalia njia nzima.

"Kinakuita," akasema Kidole.

"Acha kilie."

Posta ilikuwa imefunguliwa, foleni mpaka mlangoni. Waliingia bega kwa bega, gauni la gunia na jaketi la chungwa, na mazungumzo yakakatika dirisha moja baada ya jingine. Mama Birika akasimama na stempu mkononi. Aibu ya Kidole ilikuwa pale pale, haikwenda popote, ila safari hii hakuiachia iseme kwa niaba yake.

"Nyote mnisikie," akasema. "Huyu ni dereva wa Machungwa. Mimi nilimkana mbele za watu, naye alikuwa ameniletea zawadi. Huyu ndiye mchumba wangu, kama bado ananitaka. Na kama hanitaki, bado ninamjua."

Ukumbi ukangoja, hata feni ungedhani imepunguza mwendo. Kibarua akasogea mpaka kwenye kaunta ya vifurushi, mahali pale pale alipogonga bahasha za mama yake, akakunja ngumi.

Ko.