Vigingi Vyekundu Katikati ya Shamba

Siku wapima ardhi walipochomeka vigingi vyekundu shambani kwake, seremala alitundika jembe darini. Randa nayo akaiviringishia kitambaa. Bomba la mafuta la serikali mbili lingepita hapo, naye angelipwa fidia. Majirani wakamwita Bwana Mafuta, akaitika. Alivimba kichwa hata mlango wa nyumba ukamwia mwembamba. Kuku wake nao, wasemao husema, walianza kutembea kwa madaha.

Mvua zilikuwa zimekaribia. Mkewe alimuuliza watoto wangekula nini msimu ukipita. Akajibiwa kwamba mwaka huo wangekula kwa vijiko vya dhahabu.

"Vijiko vitupu, baba watoto," mkewe alisema. "Mimi nataka mahindi."

Mke akaenda kumwita wifi yake, dada mkubwa wa seremala, aliyekuwa karani katika ofisi ya ardhi. Dada alikuja, akaketi, akamuuliza mdogo wake kama aliwahi kupewa barua yoyote. Hakupewa. Kuna mtu aliyeandika mali zake? Hapana.

Dada akamweleza polepole. Vigingi vile vilikuwa vya uchunguzi tu, na njia zinazopimwa ni tatu. Nchi yao ina mafuta, nchi jirani ina bandari, na wakubwa bado wanavutana kuhusu ushuru wa kupitisha bomba. Fedha za kulijenga ni mkopo kutoka nje, na mkopeshaji hatoi kitu mpaka serikali hizo mbili zitie saini.

"Hata mafuta yakiuzwa, mdogo wangu, mapato yatalipa kwanza ule mkopo. Kinachobaki ndicho cha shule na barabara. Safari ni ndefu."

"Na fidia yangu je, dada?"

"Hulipwa njia ikishakubaliwa, na mali yako ikiandikwa mbele ya macho yako. Mazao pia huandikwa. Wewe utaandikisha nini, magugu?"

Seremala alikuna kichwa. Dada akamshauri alime mpaka apate barua ya kumzuia, na asitie saini karatasi asiyoielewa.

Kesho yake jembe lilishuka. Mvua ya kwanza ilikuta mbegu ardhini.

Mwezi wa mavuno, redio ilitangaza kwamba serikali zimekubaliana: bomba litapita upande wa milimani. Majirani wakaja kumpa pole Bwana Mafuta. Walimkuta shambani, jasho likimtiririka.

"Pole zenu nitazipokea jioni," aliwaambia. "Kwanza nishikieni mdomo wa gunia."