Swichi Nyekundu Isiyozima Kitu

Kila siku akitoka shule, Rubani alifanya mambo matatu yasiyobadilika. Alifua soksi zake, akamjazia bibi ndoo ya maji, kisha akaingia chumba cha mbele kwa mjomba wake. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Jina lake halisi lilibaki kwenye daftari la mwalimu tu. Kwingine kote aliitwa Rubani, kwa sababu hakuwa na hadithi nyingine ila ndege.

Mjomba wake alikuwa fundi redio. Juu ya meza yake ndefu redio zililala chali, matumbo wazi, na yeye alizisemesha kama wagonjwa. "Huyu mzee anakohoa tu," angesema, "lakini maneno bado anayo."

Kwenye kona ya meza hiyo ndipo Rubani alipoijenga ndege yake. Mabawa aliyakata kwenye lile povu gumu, jeupe na jepesi, linalokuja ndani ya maboksi ya televisheni. Mbele aliweka mota ndogo na panga lake la plastiki, lile linalozunguka na kuivuta ndege, tumboni betri, na yote yaliendeshwa kwa rimoti. Ijumaa angeipeleka kwenye maonyesho ya sayansi shuleni.

Mjomba alimpa sharti moja.

"Ukishusha kitufe cha rimoti, mota imelala tu. Mtu akigusa kidogo, inaamka. Mimi nataka kitu cha kukata umeme kabisa, usifike hata kwenye mota." Akachomoa swichi nyekundu kwenye feni kuukuu. "Betri huku, mota kule, hii katikati. Lehemu mwenyewe. Ndege ni yako."

Rubani alilehemu harakaharaka, moyo wake uko angani. "Imeshika kama meno, mjomba!" alisema.

Haikushika. Jumatano, kwenye kiwanja cha mpira, ndege ilipanda, ikatetemeka, mota ikanyamaza, ikaanguka kwenye majani. Akairusha tena, ikaanguka tena. Waya ulikuwa ukiachia pale kwenye swichi. Ilimpasa arudi kwa mjomba aseme, "Sijaweza, nionyeshe tena." Lakini angesemaje, naye alishajisifu?

Akakaa nyuma ya goli, akachomoa nyaya zote mbili kwenye swichi, akazisokota pamoja moja kwa moja na kuzifunga utepe. Swichi akairudisha mahali pake kwa gundi. Ukiibonyeza ililia ta! kama kawaida. Kwa nje hakuna ambaye angejua kwamba haizimi kitu. Ndege iliruka vizuri mno.

Alhamisi jioni mjomba alitaka kukaza panga kabla ya maonyesho. Mdogo wake Rubani, Chiriku, mtoto wa miaka sita asiyenyamaza hata akila, alikuwa amekaa kizingitini na rimoti mapajani.

"Umezima?" mjomba aliuliza.

Rubani aliitazama swichi; chini ni kuzima, juu ni kuwasha. "Iko chini, mjomba."

Mjomba naye akachungulia. Kweli ilikuwa chini. Akalishika panga kwa vidole vya mkono wa kulia.

"Abiria wote, fungeni mikanda!" Chiriku alitangaza, akasukuma kitufe cha rimoti mpaka juu.

Mjomba hakupiga kelele. Alisema "Ah" tu, akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Damu ikadondoka katikati ya skrubu. Mama alikuja mbio kutoka uani, akamfunga kitambaa, wakaenda zahanati.

Waliporudi, vidole viwili vilikuwa vimeshonwa nyuzi saba na kufungwa bendeji nene. Muuguzi alikuwa amesema asishike pasi ya kulehemu kwa wiki tatu, na kwamba ncha ya kidole kimoja huenda isihisi tena kama zamani. Kwa fundi redio, ncha ya kidole ni jicho la tatu.

Mama alimgeukia Chiriku. "Nani alikutuma uguse rimoti? Umeona ulichomfanyia mjomba wako?"

"Nilidhani imezimwa, mama. Dada alisema..."

"Nyamaza!"

Chiriku akanyamaza. Nyumba nzima ikasikia jinsi alivyonyamaza.

"Mwache mtoto," mjomba alisema polepole. "Kosa ni langu. Niliitoa swichi kwenye feni mbovu, sikuipima. Miaka ishirini ya ufundi, nikampa mtoto kitu kibovu. Labda nimeshachoka, na kazi hii inataka mtu mwingine."

Rubani aliinama, akaanza kufuta damu kwenye skrubu, moja moja.

Baada ya chakula, bibi alijaribu kuwachangamsha kama alivyozoea. "Kitendawili!"

"Tega," Rubani alijibu kwa sauti ndogo. Chiriku hakujibu.

"Nimemweka askari mlangoni kwangu. Wezi wanapita, yeye kasimama tu."

Hakuna aliyejaribu. "Basi nipeni mji," alisema bibi. Akilini mwake alikuwa na kitasa cha jikoni, kile kilichoharibika tangu mwezi uliopita.

Rubani alisimama. "Bibi, ni swichi yangu."

Akasema yote: waya ulioachia, kujisifu kwake, nyaya alizozisokota nyuma ya goli. Alipomaliza, mjomba aliulaza mkono wenye bendeji pajani.

"Kwa hiyo leo nilipokuuliza umezima..."

"Nilisema iko chini. Ilikuwa chini kweli, mjomba."

"Ndiyo. Ulinijibu ukweli, na papo hapo ukanidanganya."

Maneno hayo yalimwuma Rubani kuliko kofi. Machozi yalimtoka, akapiga magoti mbele ya mdogo wake. "Nisamehe, Chiriku. Nilikuacha usemwe kwa kosa langu." Mama naye akampakata mtoto na kumwomba radhi.

"Kumbe mimi sikumvunja mjomba?" Chiriku aliuliza.

"Hukunivunja," mjomba alisema, na kwa mara ya kwanza jioni ile akatabasamu kidogo.

Ijumaa Rubani alisimama mbele ya darasa mikono mitupu, akaeleza kwa nini hana ndege. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Ukiitengeneza, uje utuonyeshe."

Kwa wiki nzima mjomba aliketi karibu na meza bila kugusa kitu, na Rubani akawa mikono yake. "Usipake risasi ya kulehemu juu kama unapaka siagi. Pasha waya kwanza, risasi itakimbia yenyewe. Sasa vuta." Waya ukachomoka. "Tena." Mara ya sita Rubani alivuta kwa nguvu zake zote, na waya haukutikisika kwenye swichi.

Siku ya kurusha, darasa zima lilikuwa kiwanjani, na mjomba alikuja na bendeji yake. Kabla ya kuruka, panga lilitaka kukazwa.

"Umezima?" mjomba aliuliza.

Rubani hakujibu. Alibonyeza swichi nyekundu, ta! Akaigeuza pua ya ndege kuelekea mahali pasipo na mtu, akaibana kwa nyuma kwa mikono miwili. "Chiriku, sukuma rimoti mpaka juu."

Chiriku alisitasita, akasukuma. Panga halikusogea hata kidogo.

"Nimezima, mjomba," Rubani alisema, "na nimejaribu."

Mjomba aliwageukia wanafunzi. "Mmemsikia? Mtu akikuuliza jambo la usalama, anakukabidhi mwili wake. Usimjibu kwa maneno ya kukuokoa wewe. Mpe ukweli wote, hata kama ukweli wenyewe ni kwamba umeshindwa. Kosa la kushindwa tungelirekebisha siku ileile. Kidonda hiki," akainua mkono, "kinachukua muda."

Kisha, bila kuiangalia swichi, akanyoosha vidole vyake vilevile viwili vyenye bendeji, akalishika panga.